Zege halilali, letu limelala saa mbili na nusu. Nivunje slabu?

MamaMkonze

Habari za leo wakuu. Naombeni msaada, tangu juzi sijapata usingizi.

Najenga Mkonze, Dodoma, nyumba ya ghorofa moja. Jumamosi tulimwaga slabu, yaani sakafu ya zege ya juu: mita 12 kwa 9, unene sentimita 15, pamoja na bimu zake. Nilinunua mifuko 120 ya simenti ya 42.5. Mikisa (mashine ya kuchanganyia zege) ya kukodi ya mfuko mmoja, vibarua 22, vaibreta (mashine ya kutikisa zege lijae vizuri) moja. Makubaliano yalikuwa kuanza saa 12 asubuhi, boza la maji likafika saa 3 kasoro, tukaanza saa 3. Jua la Oktoba mnalijua, na upepo ulikuwa unarusha mpaka mifuko mitupu ya simenti.

Saa 6 na dakika 20 mkanda wa mikisa ukakatika. Fundi akapanda bodaboda kwenda mjini kutafuta mwingine. Aliouleta ukawa mfupi, akarudi tena. Vibarua wakala, wakajilaza kivulini. Tumewasha tena saa 9 kasoro dakika 10. Zege lililokuwa limebaki chini kwenye bati, kama matoroli manne, lilishaanza kuwa gumu. Fundi akalimwagia ndoo ya maji, wakaligeuza kwa chepe, nalo likapanda juu. Tukamaliza saa 2 usiku kwa taa za simu na za pikipiki mbili.

Jumapili asubuhi nimepanda kuangalia. Kuna mstari umekata slabu yote toka upande huu hadi ule, huku kijivu kilichokolea, huku nyeupenyeupe. Na upande uliomwagwa asubuhi una nyufa nyembamba, nyingine urefu wa shubiri, zimeelekea kokote kama tope la bwawa lililokauka.

Fundi anasema zege "limesinzia tu", atapiga niru, ule uji wa simenti wa kulainisha juu, na mstari hautaonekana. Tena anasema kosa ni langu, 42.5 inakauka haraka, ningenunua 32.5. Shemeji yangu anasema nivunje sasa hivi kabla halijakomaa. Hela ni ya mkopo wa miaka sita. Nani kati yao ananidanganya?

KokotoNusu

Zege halilali dada. La kwenu limelala na kukoroma juu. Pole sana, subiri wenye ujuzi waje.

NyaparaMstaafu

Mama, usivunje. Na niru usimruhusu apige bado. Nimekaa saiti miaka 31, nilianza kwa kubeba karai nikamaliza na filimbi shingoni. Slabu zilizopata mstari kama wako nimeziona nyingi na watu wanaishi chini yake hadi leo. Sisemi kwamba ni kitu cha kujivunia.

Kwanza tulitoe hili neno "kukauka". Nguo ndiyo inakauka. Simenti inakunywa maji na kwa kuyanywa inageuka jiwe. Zege la nguzo za daraja tunalishusha kwa bomba chini ya maji na linashika humo humo. Likikaukiwa kabla halijashiba ndipo unapata hizo nyufa za bwawa. Kwa hiyo Jumamosi pale kwako yalitokea mambo mawili na fundi ameyatia kapu moja. Juu palikuwa panakaushwa na upepo, ndani palikuwa panashika kwa saa yake. Nyufa ni za upepo. Mstari ni wa saa.

Sasa hiyo 42.5. Ile namba ni ya nguvu, nguvu ambayo kipande cha kupimia kinatakiwa kiwe kimefikia siku ya 28. Si muda. Muda una kipimo chake: uji wa simenti kwenye kikombe, chumba cha nyuzi 20, sindano inashushwa kila baada ya dakika kadhaa kuona kama bado inazama. Kiwango kinataka 42.5 isianze kushika kabla ya dakika 60, na 32.5 isianze kabla ya dakika 75. Tofauti ni robo saa. Ninyi mlisimama saa mbili na nusu! Ungenunua mfuko wowote dukani, mstari ungeupata.

Na simenti nyingi zikiwa kwenye chumba hicho chenye ubaridi huchelewa kuliko kiwango kinavyodai. Toa chumba sasa, weka Mkonze. Kokoto zimelala juani tangu zishushwe, jaribu kuzishika mkononi saa 6 mchana. Maji yamekaa kwenye tanki jeusi. Hesabu yetu ya saiti ni kwamba joto la zege likipanda nyuzi 5 au 6, muda wa kushika unapungua kama theluthi. Zege ambalo kwa nyuzi 20 lingekupa saa tatu, kwa nyuzi 32 linakupa saa moja na dakika ishirini hivi. Kwa hiyo mkanda ulipokatika, mlikuwa na muda wa fundi kufika mjini. Wa kurudi hamkuwa nao.

Mkanda kukatika simlaumu mtu. Mikisa za kukodi ndivyo zilivyo, zimepita mikononi mwa watu wengi. Nalaumu kwamba asubuhi ile hakuna aliyeuliza: tukisimamishwa ghafla, tunasimama wapi?

Chukua kalamu. Mikisa ya mfuko mmoja, vibarua wakiwa bado na nguvu, inatoa kama mita 2 za ujazo kwa saa. Slabu yako na bimu zake ni karibu 18. Hizo ni saa tisa bila kula. Mkianza saa 3 mnamaliza saa 12 jioni hata kama mkanda ungekuwa wa chuma. Tayari mlishachelewa kabla ya mfuko wa kwanza kukatwa.

Halafu angalia ukingo mbichi, yaani pale zege lilipoishia na jipya litapoungana nalo. Mlimwaga kwa upana wa mita 9, sivyo? Kila mkisogea mbele mita moja mmetumia ujazo wa 1.35, dakika 40. Maana yake mkitoka kona ya kushoto mkaenda hadi kulia mkarudi kushoto, kona ya kushoto imewasubiri dakika 40. Bado iko hai. Weka na chakula dakika 40 zinakuwa 80, hapo imeshaanza kukata roho. Ndiyo maana kwangu watu walikula kwa zamu, nusu wanakula nusu wanamwaga, mikisa haizimwi. Waliniita mkoloni. Sawa.

Namna ya kujua kama ukingo uko hai haihitaji maabara. Washa vaibreta, isimamishe pale ukingoni, halafu iache izame kwa uzito wake, usiisukume. Ikizama yenyewe, na ukiivuta taratibu tundu likajifunga nyuma yake, endelea kumwaga, ila hakikisha inashuka mpaka ndani ya zege la zamani ili la zamani na jipya yachanganyike. Ikigoma kuzama, au ikizama ikaacha tundu wazi kama la panya, zege hilo halitaki mgeni tena. Niliwafundisha vijana wangu hili kabla ya kuwafundisha kusoma ramani.

Na zege likishakataa, unatakiwa uwe na ubao. Nauita ubao wa dharura. Unakatwa siku ya kufunga nondo, na meno yake yanafuata nafasi za nondo ili upite katikati yake. Kila slabu nilikuwa nayo miwili imeegemea ukuta. Mkanda ukikatika, unahesabu: dakika 40 zikipita bila habari ya mkanda, unausimamisha ubao wima, unakusanya zege lililobaki unalijaza mpaka pale, unapiga vaibreta, kazi ya leo imekwisha. Jioni unaung'oa, unasugua uso wa zege ulioachwa na ubao kwa brashi ya waya na maji mpaka kokoto zitoe meno. Ukija siku nyingine unaulowesha, unamwaga. Mstari utakuwepo, lakini ni mstari uliouchagua, umesimama wima, na uko mahali slabu haiumii, theluthi ya katikati toka ukuta hadi ukuta. Ninyi wenu uliishia mteremko, mdomo mwembamba kama wembe, na jipya likapanda juu yake.

Kuhusu ile ndoo ya maji. Maji hayafufui zege, yanalilegeza tu. Mshikano ulishaanza, mmeuvunja kwa chepe, na nafasi iliyokaliwa na maji ya ziada itabaki vitundu. Mfuko mmoja unataka maji lita 25 hivi, ndoo moja na robo, ukihesabu na yale yaliyokwishamo kwenye mchanga. Yale matoroli manne ndiyo yananisumbua kuliko mstari.

Nijibu haya, nami nitakuambia zaidi. Mstari uko mita ngapi toka ukuta wa mwisho, na kuta za chini ziko wapi? Nondo za chini zile nene zinaukata mstari au zinaenda sambamba nao? Yale matoroli manne yalimwagwa wapi hasa?

Wakati unatafuta majibu: jengea matuta ya mchanga pembeni, fungia maji juu ya slabu yakae, siku 10. Mirunda, ile miti inayoishikilia slabu kwa chini, isiguswe na mtu.

MamaMkonze

Shikamoo mzee. Ahsante, angalau leo nimekula.

Nimepima kwa futi kamba. Mstari uko mita 4.6 toka ukuta wa upande wa barabara. Chini kuna ukuta mita 4, na mwingine mita 8. Nondo za chini zinaukata mstari. Matoroli manne nimemuuliza kijana aliyesukuma, yalimwagwa hapo hapo kwenye mstari, kona ya upande wa jikoni. Fundi amekasirika kusikia namuuliza kijana.

NyaparaMstaafu

Marahaba. Acha akasirike, hasira haina kipimo.

Nondo kuukata mstari ni heri yako, zimezishona pande mbili. Mita 0.6 toka ukutani si mahali ambapo ningesimamisha mimi. Ningetaka angalau 1.4. Hapo inabidi mhandisi aliyekuchorea aje kwa miguu yake, asijibu kwa simu.

DereviwaMixa

Mngeweka sukari tu. Sisi gari la zege likikwama kwenye foleni tunatia kilo kadhaa, halishiki.

NyaparaMstaafu

Ndugu dereva, wewe unaokoa pipa la bosi wako. Zege hilo mkifika mnalimwaga jalalani. Mama huyu anataka kulitembelea juu yake.

Ni kweli sukari inachelewesha. Gramu 25 kwa mfuko wa kilo 50, vijiko sita vya chai, inaweza kuvuta kama saa nne. Ukifika gramu 100 na zaidi unaweza kupata zege lisiloshika kabisa. Sasa mpe kibarua apime vijiko sita kwa mifuko 120 huku mikisa inanguruma na nyapara anapiga filimbi. Dawa za kuchelewesha zipo, zinauzwa kwa dumu na kipimo kimeandikwa, na zinajaribiwa kwanza kwenye ndoo moja siku mbili kabla.

MwanaKilombero

Hilo la sukari nina ushahidi. Kwetu tuko jirani na mashamba ya miwa. Tulikuwa tunamwaga jamvi la banda la kuku, mtu akaleta pipa la maji la kuazima. Pipa lilishawahi kubeba molasi, likasuuzwa harakaharaka. Jamvi lote lilishika siku ile ile isipokuwa sehemu ya mfuko wa kwanza na wa pili, kama mita mbili za mraba. Siku ya pili jioni kuku aliingia akaacha nyayo. Tulifoka sana tukidhani simenti ni feki, tukaenda kugombana dukani. Siku ya tatu babu mmoja akachovya kidole kwenye pipa akalamba.

KokotoNusu

Babu alamba pipa, nimecheka mpaka basi.

Wakuu swali la pembeni. Mimi iliwahi kunitokea zege linakuwa gumu ndani ya mikisa, dakika tatu nne tu, jua lenyewe hakuna. Tukaongeza maji. Hiyo nayo ni joto?

InjiniaWaVumbi

Kokoto, hiyo mara nyingi inaitwa kushika kwa uongo, na kuongeza maji ndilo kosa.

Simenti ikisagwa kiwandani inachanganywa na jasi kidogo, jasi kama ile inayochimbwa Makanya kule Same. Kazi ya jasi ni kuizuia simenti isishike papo hapo. Pasipo jasi, kuna kiungo ndani ya simenti kinachogombana na maji kikashika ndani ya dakika chache huku kinatoa joto kali. Sasa mashine ya kusagia ikichemka mno, sehemu ya jasi inapoteza maji yake inakuwa kitu kama plasta ya bandeji ya mfupa. Ukitia maji, hiyo plasta ndiyo inayoshika kwanza, simenti yenyewe bado. Dawa ni kuacha mikisa izunguke dakika mbili tatu zaidi bila tone la maji. Likilegea, lilikuwa la uongo, endelea na kazi. Lisipolegea na pipa lina joto mkononi, limeshika kweli, mwaga.

Mama Mkonze, mimi ni mhandisi ila si wako, kwa hiyo chukua haya kama mazungumzo. Nakubaliana na mzee karibu yote. Kwa slabu ya nyumba ya kuishi, unene huo, nguvu ya kukata pale mita 0.6 kwa kawaida si kubwa, na nondo zinavuka. Hatari kubwa zaidi ni maji kupita na nondo kuliwa kutu polepole. Ndiyo sababu niru ni dawa ya macho tu: inafunika, haizibi, na ikishafunika hakuna atakayeona panapovuja.

Kwenye mirunda tu ndipo naona mzee anatisha watu. Kanuni ya Kiingereza tuliyoisomea, BS 8110, ambayo wenyewe waliiondoa 2010, kwa simenti ya kawaida na joto la nyuzi 16 kwenda juu, iliruhusu mirunda ya slabu kutoka siku 10 na ya bimu siku 14.

NyaparaMstaafu

Injinia, sikutaja siku, nimesema isiguswe. Hizo siku 10 ni za slabu iliyomwagwa vizuri na kumwagiliwa vizuri. Hii imelala, imeamshwa kwa ndoo, imemaliziwa kwa taa ya pikipiki. Mimi siku 28.

InjiniaWaVumbi

Kwa hii, sawa mzee. 28.

Mkinga_wa_Makete

Huku kwetu ni kinyume kabisa. Julai tulimaliza slabu ya duka saa 8 mchana, baridi ya kuvunja meno. Saa 3 usiku kidole bado kinazama. Tajiri akaanza kutuangalia kama wezi wa simenti. Asubuhi likawa limeshika kama kawaida. Baadaye tukajifunza kuchemsha maji ya kuchanganyia kwenye pipa, yawe ya kuoga tu, si ya chai. Na kwenye ile kanuni ya injinia kulikuwa na safu nyingine ya baridi: nyuzi 7, mirunda ya slabu siku 15, ya bimu 21. Mafundi wanaokuja toka Dar wanakuja na siku zao za Dar.

MpembaMaskati

Assalaam aleikum. Mie nilikuwa Maskati miaka tisa, kazi ya zege tupu. Kule jua la Dodoma wanalitafuta kwa kupungia upepo. Slabu kubwa tulimwaga usiku, tunaanza baada ya isha tunamaliza alfajiri. Karatasi ya kazi yetu iliandika zege lisizidi nyuzi 32 linapomwagwa, na kila gari likifika mtu anachomeka kipimajoto. Likizidi linarudishwa, na nimeona yakirudishwa mengi. Kiwandani wanatia vipande vya barafu mahala pa sehemu ya maji, barafu inayeyuka ndani ya mchanganyiko.

Barafu Mkonze hamna, lakini yapo mambo ya bure. Kokoto zifunikeni kwa turubai jeupe tangu jana yake, na asubuhi zinyunyizieni maji, ule mvuke unazipoza. Tanki la maji lizungusheni magunia mabichi. Mbao na nondo zilowesheni kabla ya kumwaga, nondo ya jua la saa 7 ukiishika unaruka. Na mwaga saa 10 alfajiri, kwani boza haliwezi kuja jioni yake?

MamaMkonze

Boza lingeweza kuja jioni. Hakuna aliyefikiria.

Zile nyufa za bwawa je? Zinazidi?

NyaparaMstaafu

Hazizidi, zilikwisha kazi yake Jumamosi hiyo hiyo, saa mbili tatu baada ya kumwagwa. Upepo ulikuwa unanyanyua maji juu haraka kuliko yanavyopanda toka ndani, ngozi ikakaza na chini bado laini, ikapasuka. Zingeonekana zinaanza wakati zege bado linakubali kidole, mtu angepita na kibao akazigonga zikafunga. Lakini wote walikuwa kivulini wanasubiri mkanda, na hapa ndipo roho inaponiuma. Muda ule mlioona hakuna kazi, kazi ilikuwepo: nailoni ifunikwe juu ya kile kilichokwishamwagwa, pembeni yawekwe mawe upepo usiibebe. Nailoni ya Jumatatu haisaidii nyufa za Jumamosi.

Pima kina. Chukua waya mwembamba wa kufungia, ingiza kwenye zile pana. Nyingi utakuta hazifiki mbali. Nimewahi kukuta chache zilizofika kwenye nondo, hizo mwonyeshe mhandisi.

Nikusimulie moja yangu usione najifanya malaika. Mwaka 2004, Morogoro, nilisimamia tenki la maji la zege. Ukuta ulikuwa wa kumwagwa siku moja. Mchana tukaishiwa mchanga, lori likachelewa saa moja na nusu, nami niliona aibu kusimamisha kazi mbele ya tajiri aliyekuwa amekaa kwenye kiti. Nikasema mwagieni. Vaibreta ilikuwa inagoma kuzama na nikaona kwa macho yangu. Tenki lilipojazwa, ukuta ulitoa jasho kwenye mstari mmoja ulionyooka kuzunguka pande zote nne, kama mkanda wa suruali. Tulilichonga na kuliziba kwa wiki mbili, kwa hela yangu. Ule ubao wa dharura nilianza kuukata baada ya hapo.

MamaMkonze

Wakuu, narudi na majibu. Leo ni siku ya 12.

Mhandisi wangu alikuja juzi. Nilikuwa nimefungia maji kama mlivyosema, kwa hiyo alikwenda moja kwa moja chini kuangalia. Mstari wote mkavu isipokuwa sehemu moja, urefu kama wa mkono, maji yalikuwa yanapenya kwenye maungio ya mbao. Ni pale pale kona ya jikoni, kwenye matoroli manne. Akapanda juu na nyundo ya kawaida akawa anagonga akisikiliza. Kwingine inalia "ng'e ng'e", pale inalia kama debe. Akachora kwa chaki, mita moja kwa moja na nusu hivi. Halafu akaleta ile nyundo ya chemchemi ya kupimia ugumu wa zege, akapiga sehemu nyingi na kuandika namba. Namba za pale kwenye chaki zilikuwa chini sana kuliko kwingine kote.

Ameamua hivi. Ile sehemu ya chaki itachongwa yote mpaka chini, nondo zisikatwe, pembeni pawe wima, pasafishwe, palowe usiku kucha, pamwagwe upya kwa kokoto ndogo. Mstari uliobaki utachongwa mfereji wa sentimita 2.5 na kuzibwa kwa mota (mchanganyiko wa simenti na mchanga) isiyosinyaa. Nyufa alizipima kwa waya kama mzee alivyosema, iliyozidi ilikuwa sentimita 2, atazijaza kwa uji wa simenti wenye gundi. Mirunda siku 28. Mwenye mirunda kapiga simu anataka mali yake siku ya 14, nimemwongezea hela.

Shemeji bado anasema ningevunja.

Fundi tumepatana. Jumamosi ijayo tunamwaga ngazi, tunaanza saa 11 alfajiri, boza linakuja Ijumaa jioni, watu wanakula kwa zamu. Ubao wa dharura ameukata mwenyewe bila kuambiwa, na amenunua mikanda miwili ya mikisa ameitundika msumarini stoo, kila mgeni akija anaonyeshwa.

NyaparaMstaafu

Safi sana. Urefu ameupima?